Utamu wa Namba Saba

Kazi yangu ni kusifu. Kwenye mlango wangu wameandika Afisa Uhusiano, lakini ukikibandua kibao hicho utamkuta mtu anayelipwa ili aite kichuguu mlima. Kazi hiyo nimeifanya kwenye taasisi yetu ya mimea ya tiba tangu enzi ambazo paa la kitalu lilikuwa linavuja, na sijawahi kuionea haya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hicho kibaya kikitembea, lazima awepo mtu wa kukishika mkono.

Mkurugenzi wetu ni profesa wa vinasaba, yaani zile chembe zilizomo ndani ya kila kiumbe zinazoamua mtoto atoke na pua ya nani. Kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo, sisi tulimbandika jina la Kinasaba, na tulilitumia kwa uangalifu, mlango wake ukishafungwa. Ni mtu mrefu, msafi, mwenye miwani ya kusomea na miwani ya kuonea mbali, zote zikining'inia shingoni. Mmea wowote huutazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyefeli. Kwake yeye hakuna jani lililokamilika, hata lile linalojiotea zake pembeni ya choo bila kumwomba mtu kitu.

Jani alilolichagua alinyooshe ni kifuakifua. Hakuna asiyelijua. Ni kichaka kifupi ambacho watu hukipanda karibu na bomba la maji au kwenye makopo ya rangi yaliyokwisha, kwa vile kinapenda maji na hakioti chenyewe porini. Ukitaka kukizalisha unakata kijiti, unakichomeka, basi. Majani yake unayachemsha, unayanywa, koo linalainika na kifua kinafunguka. Kilikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kwamba kilikuwa kichungu kama shubiri.

Nyumbani kwetu kilikuwepo kimoja kando ya bomba, mali ya baba yangu. Baba alikuwa seremala maisha yake yote, na vumbi la mbao lililotulisha sisi ndilo lililobaki kumkaa kifuani. Daktari wa hospitali alimpa dawa ya kuvuta, akamwambia ukweli kwamba kifua hicho hakitarudi kuwa kipya, na kwamba kama kile kichungu chake kinamtuliza, anywe. Basi Baba alikunywa kila baada ya chakula cha jioni, akikunja uso kama mtu anayelipa kodi, kisha akaenda kulala chali kama watu wengine. Asipokunywa, hulala amekaa kwenye kiti, kwa sababu akijinyoosha tu, kikohozi kinamwinua.

Sasa nisiwe mnyimi wa fadhila. Kinasaba na watu wake waliingia maabara, wakachokonoa vinasaba vya mmea ule, na ile nguvu inayotuliza kifua wakaiongeza maradufu na zaidi. Kazi hiyo waliiweza. Wangeishia hapo, leo ningekuwa naandika hadithi nyingine, yenye adabu.

Tatizo lilianza siku bodi ilipokuja kuonja. Mwenyekiti wa bodi ni tajiri aliyetajirika kwa kuuza soda, na anaamini kuwa binadamu aliumbwa ulimi kwanza, vingine vikafuata. Alipiga funda moja, macho yakamtoka, akaulizia maji, kisha akauliza nani atanunua kitu kama hicho. Kinasaba akamweleza kuwa ile ni dawa. Mwenyekiti akamjibu kwamba hata dawa ina wateja, na mteja hakunjwi uso. Kwa kuwa mwenye bodi ndiye mwenye bajeti, Kinasaba alirudi maabara kuutafuta uchungu ulikojificha. Akaupata, akauzima kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Namba Saba. Namba Moja hadi Namba Sita hatuzitaji mbele ya wageni. Namba Nne ilikuwa na ndevu. Lakini Namba Saba ilikuwa na majani mapana yanayong'aa, nguvu ya ndugu zake wote, na utamu wa mbali kama wa asali. Nilipoionja nilisahau kuwa naonja dawa. Nilirudi ofisini nikaandika kaulimbiu iliyonipatia barua ya pongezi: Dawa si lazima ichukiwe.

Kumbe ilibaki habari ya ndoa. Kinasaba alitukusanya ukumbini akatueleza kwamba kifuakifua cha kale kikiachwa mitaani, upepo utabeba chavua yake hadi kwenye Namba Saba, na watoto watakaozaliwa hapo watarudia uchungu wa babu zao. Alilisema hilo kwa uchungu wa baba ambaye binti yake ameonekana na mchunga punda. Dawa yake ilikuwa moja: cha kale king'olewe mji mzima, kichomwe, na kila atakayeleta cha kale apewe mche wa Namba Saba bure. Nikaandika kaulimbiu nyingine: Ng'oa cha kale, panda uzima. Gari la matangazo likazunguka nayo mpaka watoto wakaigeuza wimbo wa kuruka kamba.

Baba hakungoja gari. Jioni hiyo nilimkuta kando ya bomba ameinama, jembe mkononi, kichaka chake kimelala pembeni mizizi juu. Nilimwambia angengoja angalau mche mpya ushike kwanza. Akanijibu kwamba binti yake ndiye aliyetangaza king'olewe, sasa yeye akibaki nacho, majirani watasemaje. Alikifuta udongo kwa kiganja kama anavyofuta ubao aliomaliza kuupiga randa, akakipeleka mwenyewe kwenye kituo chetu cha kubadilishia miche. Mpiga picha wetu alimwona pale na mche wake mpya, anacheka meno yote yaliyobaki, akampiga picha. Ikatoka nzuri kuliko za wote. Ndiyo iliyowekwa kwenye mabango, na kwa muda baba yangu alikuwa anatabasamu juu ya kila kituo cha basi.

Halafu wakaja viwavi.

Sijui nani aliwaambia. Walikuja kwanza wachache, kama wakaguzi, kisha wakaleta ukoo. Walifuatwa na konokono, panzi, kuku, na mbuzi wa kila mwenye mbuzi. Mche wa Baba uliliwa na mbuzi wa jirani kabla haujafika magotini, na mbuzi yule akarudi kesho yake kuuliza kama umebaki mwingine. Huko kwenye vitalu vyetu hali ilikuwa ya aibu. Nilimwona kwa macho yangu kiwavi mnene kama kidole gumba amejilaza juu ya jani, anapumua vizuri kabisa. Tulikuwa tumefuga viwavi wenye vifua bora kuliko vyote duniani.

Kinasaba si mjinga, na ndicho kinachoniudhi. Alijua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba ule uchungu ndio uliokuwa mlinzi wa mmea, na kwamba tumemwachisha kazi mlinzi tukaacha mlango wazi. Alijua akanyamaza. Kulisema hilo kungekuwa sawa na kumwambia Mwenyekiti kuwa ulimi wake umeponza taasisi, na Mwenyekiti huambiwa mambo matamu tu. Kwa hiyo mkutanoni ilisemwa kwamba viwavi wa mwaka huo wana tabia mbaya, na ikaamuliwa wapuliziwe.

Wakapuliziwa. Wakafa kidogo. Wakapuliziwa kitu kikali zaidi, ambacho wapulizaji walikivalia magwanda na miwani kubwa, wakitembea kati ya mistari ya Namba Saba kama wanaotafuta bomu. Harufu iliingia hadi kwenye mafaili yangu. Ndipo mwanasheria wetu alipokumbuka kuuliza kama majani yenyewe bado yananyweka. Sampuli zikapelekwa maabara ya nje kupimwa, na mimi nikaambiwa niandike, kwa lugha ya upole, kwamba wananchi wasiyanywe mpaka watangaziwe. Niliandika hivi: Kwa sasa, furahia uzuri wa mmea wako.

Basi mji mzima ukabaki na dawa ya kutazama.

Baba alirudi kwenye kiti. Hakunilaumu hata siku moja, na heri angenilaumu. Nikiamka asubuhi nilimkuta amekaa vilevile nilivyomwacha, kidevu kifuani, shuka magotini, macho mekundu, na cha kwanza alichonisalimia nacho kilikuwa swali la upole: kile kipya kitaruhusiwa lini, mama? Ananiita mama tangu nikiwa mdogo. Jirani mwenye yule mbuzi yeye hakuwa na upole wowote. Aliniambia getini, mbele za watu, usiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba sisi wengine tulisomeshwa ili tuje kuwang'olea wazazi dawa. Nilitamani kumjibu kuhusu mbuzi wake.

Nilikitafuta cha kale. Nilizunguka kwa marafiki, kwa wauza miche, kwa shangazi zangu wote wawili ambao hawatupi kitu. Kila mahali jibu lilikuwa moja, kwamba walikitoa, kwani si nyie mlisema. Kampeni yangu ilikuwa imefanikiwa mno. Mwisho nilimwendea Kinasaba nikamuuliza kama taasisi haikubakiza hata kijiti kimoja. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, vinasaba vyake vyote vimehifadhiwa kwenye kompyuta. Nilimshukuru nikatoka. Kompyuta huwezi kuichemsha.

Wakati huo maneno yalikuwa yameshaenea mjini kuwa Namba Saba ni sumu, na wizara ikaanza kuuliza maswali. Kinasaba akaamua kuyazima mara moja: ifanyike hafla, aje mgeni rasmi kutoka wizarani, waje waandishi wa habari, na yeye mwenyewe ainywe Namba Saba mbele ya kamera. Majibu ya sampuli yalikuwa bado hayajatoka, lakini kadi za mwaliko zilishatoka.

Asubuhi ya hafla aliniita ofisini. Alikuwa anakohoa. Ile harufu ya vitalu ilikuwa imemkaa kooni, naye alikuwa na hotuba ndefu ya kusoma. Alinipitisha kwenye ratiba: atazungumza, atakunywa kikombe chake, kisha atamwita jukwaani mzee wa kwenye bango, naye apewe kikombe anywe, watu wamwone. Nilimuuliza kama anajua mzee huyo ni baba yangu. Alisema anajua, na ndiyo maana itapendeza zaidi.

"Kikombe cha Baba kitatoka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye birika kubwa la hafla. Namba Saba halisi, imevunwa jana."

Nikamuuliza kuhusu majibu ya maabara. Akasema yanakuja. Kisha akachukua chupa ya chai, ile ya chuma ambayo kila mtu pale ofisini anaijua kwa kuwa haibanduki mezani kwake, akaniambia nichukue dereva niende kwa mama yake mzazi, nimpe chupa hiyo na kumwambia neno moja tu, kama kawaida, niirudishe kabla wageni hawajaketi. Nilitaka kuuliza kama kawaida ya nini, lakini kikohozi kilimshika, akanipungia mkono nitoke.

Mama yake Kinasaba anakaa mwenyewe kwenye nyumba ndogo yenye baraza iliyofunikwa na kamba za nguo. Nilimkuta anatazama televisheni, sauti imefunguliwa kwa ajili ya mtaa mzima. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuondoa macho kwenye kioo, akanionyesha kwa kidole nipite barazani nimletee majani. Nikaingia katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Nyuma ya mashuka, ukutani, kulikuwa na makopo ya rangi yamepangwa, na ndani ya kila kopo kifuakifua. Cha kale. Kimenona, kimejaa, hakina tundu hata moja. Nilichuma jani nikalitafuna palepale, na uchungu ulinipanda hadi kwenye masikio. Machozi yalinitoka, na si kwa sababu ya uchungu peke yake.

Nilipomuuliza imekuwaje vyake vikabaki, alipunguza sauti ya televisheni, ishara kwamba habari yenyewe anaipenda. Alisema mwanawe alikuja siku ya kwanza ya kampeni na watu wenye majembe, na gari, na yule mpiga picha.

"Nikamwambia, wewe nimekuosha mavi kabla hujajua jina lako, leo unaniletea majembe barazani kwangu? Akaondoka na watu wake. Kesho yake alirudi peke yake, ana kikohozi. Tangu hapo anakunywa kila siku, na chupa anaondoka nayo."

Mganga hajigangi, husema watu. Wetu alijiganga, tena vizuri, ila kwa dawa ya mama yake. Na leo mbele ya kamera angekunywa hii, watu waamini ni ile, kisha ile ampe baba yangu.

Mama yule si malaika, nisimpambe. Hakuhifadhi mimea ile kwa busara yoyote. Aliihifadhi kwa ubishi, na kwa sababu hapendi mtu aguse vitu vyake. Nilipomwomba vijiti viwili vya kupanda alikataa kwanza. Mwanawe alimkataza asimpe mtu yeyote, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuionea fahari hali ya kuwa nacho peke yake. Nikamwambia ni kwa ajili ya baba yangu. Akaniuliza baba yangu ndiye nani. Nikamwambia ni yule mzee wa kwenye mabango.

"Mbona yule mzima? Anacheka."

"Alipigwa picha kabla hajakosa dawa, mama. Sasa analala amekaa."

Kisha akazima televisheni kabisa, akachukua mkasi wa kushonea, akaenda barazani. Alinikatia zaidi ya nilivyoomba, akavifunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji, na chupa akaijaza hadi mdomoni.

Nilimwambia dereva tupitie kwetu. Baba alikuwa ameshavaa koti lake la harusi za watu, amekaa kwenye kiti kilekile anatafuta pumzi, anasubiri gari la taasisi lije kumchukua. Nilimweleza kila kitu: majibu hayajatoka, birika ni la majani yaliyopuliziwa, asinywe. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba profesa mzima hawezi kunywa sumu mbele za watu, na kwamba Profesa akinywa, naye atakunywa, kwa sababu akikataa ataniaibisha kazini. Nilimwambia niaibike. Akatikisa kichwa. Baba yangu ni wa kizazi kinachoamini kwamba mtu aliyevaa tai ameshafikiria.

Basi nikaacha kubishana naye. Nilimimina kikombe kutoka kwenye chupa ile ya Kinasaba, nikampa. Alipokinusa tu, uso ulibadilika. Hakuuliza kimetoka wapi. Alikunywa chote, akakunja uso kama zamani, akafumba macho, na baada ya muda nikasikia pumzi yake inashuka taratibu. Kilichobaki nilikimimina kwenye sufuria nikakifunika, kiwe cha jioni. Chupa ikabaki tupu, na chupa tupu nisingeweza kuirudisha. Nikachemsha maji, nikatia majani ya chai kidogo tu ili yapate rangi, nikajaza sukari mpaka kijiko kikasimama. Nilitaka kujua jambo moja kuhusu mkurugenzi wangu, na sikuwa na njia nyingine ya kumuuliza.

Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikaa katikati, Mwenyekiti kuliani kwake, na nyuma ya jukwaa lilitundikwa bango kubwa kuliko yote, baba yangu anacheka na mche wake. Baba mwenyewe aliketi mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Mezani paliwekwa mche wa Namba Saba kwenye chungu kilichofungwa utepe, pamoja na birika kubwa la kung'aa. Kinasaba alisoma hotuba niliyomwandikia, akikohoa kwenye kila nukta. Alisema kuna watu wanaoogopa maendeleo. Alisema kiongozi hula kwanza kile anachowalisha watu wake, sentensi ambayo niliiandika nikiwa na njaa. Kisha akaifungua chupa yake, akamimina, akakiinua kikombe kamera zikione.

"Hii hapa Namba Saba," akasema. "Ninayoinywa kila siku."

Akapiga funda kubwa, la mtu aliyejiandaa kwa uchungu.

Ulimi wake ukakutana na sukari. Niliona dakika ile ilipomfika. Mashavu yalijaa, macho yakaenda kwenye chupa, yakaenda kwenye birika kubwa, yakarudi kwenye chupa. Mgeni rasmi alikuwa anatabasamu, anasubiri koo lipande na kushuka. Koo halikwenda popote. Watu wa kamera walisogea karibu. Kinasaba alijaribu, nitamshuhudia kwa hilo, alijaribu kweli kumeza, shingo ikamsimama mishipa, lakini mwili wake ulikuwa unajua asichotaka sisi tukijue. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aligeuka, akainamia chungu chenye utepe, akatema kila kitu juu ya Namba Saba.

Kisha, mdomo ukiwa bado unamchuruzika na kipaza sauti kikiwa kifuani pake, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa walinzi wa getini:

"Nani ameniwekea Namba Saba?"

Hakuna aliyecheka. Ningekuwa nimeandaa mimi shughuli ile, ningeweka muziki hapo. Baba alikuwa ameshasimama, maana mhudumu alikwisha kumpa kikombe chake kutoka kwenye birika. Alikitazama kikombe, akamtazama Profesa, akalitazama na lile bango, yeye mwenyewe alivyokuwa anacheka. Halafu alikiweka kikombe mezani taratibu, akakifunika na kisahani kama anavyofunika kopo la vanishi, akarudi kuketi. Mgeni rasmi, ambaye naye alikuwa ameshapewa cha kwake, aliuliza kama kuna soda. Mwenyekiti alikuwa nazo.

Kulifanyika uchunguzi, wa kimyakimya. Niliitwa, nikawaambia ndani ya chupa kulikuwa na chai na sukari, na iliyobaki nikainywa mbele yao. Kunifukuza hawakuweza. Kinasaba angelazimika kueleza ni kitu gani alichokuwa anakitarajia kwenye chupa ile, na hicho hakuwa tayari kukiandika popote. Birika lilimwagwa. Majibu ya maabara yalipokuja, mwanasheria aliyafungia kabatini, na miche yote ya Namba Saba ikakusanywa kurudishwa. Safari hii haikuhitaji kaulimbiu. Watu waliileta mbio.

Sasa wanatengeneza Namba Nane. Itakuwa na nguvu ileile, ila wataurudisha uchungu, na nimeshaambiwa nianze kufikiria maneno. Mwenyekiti amependekeza: Sasa na uchungu wake wa asili. Wenzangu walipiga makofi, nami nikapiga, mshahara ni mshahara. Kikwazo ni kimoja, kwamba kuuwasha uchungu kwenye kompyuta kumewashinda, wanahitaji mmea wenyewe ulio hai. Kinasaba alikwenda kwa mama yake. Akajibiwa kwamba tangu aliposikia mwanawe amekana kwenye televisheni kitu anachokinywa kwake kila siku, vyote ameshawagawia majirani, vijiti vya kwanza alimpa binti wa mzee wa kwenye mabango, na chupa yake asiilete tena.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita gari la mkurugenzi lilisimama kwetu. Vijiti vyangu vilikuwa vimeshashika kando ya bomba, vina majani mapya. Kinasaba alishuka peke yake, bila tai, anakohoa mpaka anashika ukuta. Aliomba kijiti kimoja tu, kwa ajili ya sayansi. Mimi nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu siku ya hafla, mazuri, yenye ncha, lakini Baba alinitangulia. Alimkaribisha kiti, kile alichokuwa akikilalia, akaingia jikoni, akatoka na kikombe kinachofuka moshi. Akamwambia kijiti atapata, ila kifua hicho kwanza.

Profesa alipiga funda. Uso ukamkunjamana wote, miwani zikagongana shingoni, na kwa mazoea macho yakaanza kutafuta chungu.

"Meza, mwanangu," Baba akamwambia. "Hapa hakuna kamera."